Malalamiko Dhidi ya Wananchi Walioielewa Picha Yangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Kata ya Isingiro, Kyerwa.

YAH: WANANCHI KUIELEWA PICHA YANGU BILA IDHINI

Shikamoo Mzee. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Projest, mtoto wa Benadeta wa pale karibu na mashine ya kukoboa kahawa, yule mnayemwita Bwana Makaratasi. Natengeneza karatasi kwa maganda ya migomba, nachimba michoro kwenye bati la shaba kwa asidi, kisha nakandamiza karatasi juu yake ichukue wino. Michoro yangu ni ya dhahania, maana yake si picha ya kitu chochote. Mama aliuza ndama wake ili nikasomee kuchora vitu visivyokuwepo, na nilifaulu vizuri.

Mwezi uliopita uliniruhusu kwa moyo mkunjufu nitundike picha yangu, "Haina Jina Na. 7", ukutani mwa ofisi ya kijiji. Ni miviringo ya kahawia, mmoja ndani ya mwingine, na uji wa njano unachuruzika katikati. Tangu hapo sina amani, kwa sababu zifuatazo:

1. Wananchi wameielewa. Jirani yetu Mama Kokwijuka alikuja kufuata barua ya utambulisho, akaitazama picha, akasema huo ni mgomba wenye ugonjwa wa mnyauko uliokatwa shina, akarudi nyumbani bila barua. Sasa amefunga kamba kwenye njia ya kuingia kwenye migomba ya kibanjani kwake, na nikipita ananisalimia kwa mbali. Mzee, Na. 6 ililiwa na mbuzi na sikulalamika, kwa kuwa mbuzi hakudai kuielewa.

2. Bibi shamba, Liliane, aliuliza mchoro huo nimeutoa wapi. Nikamjibu kitaalamu kwamba umetoka rohoni. Akasema basi atakuja kuikagua roho hiyo kwenye kibanja cha mama, na akiukuta mnyauko, migomba itang'olewa na kufukiwa. Kibanja hicho ndicho kinachotulisha. Mimi niliyesoma kote huko sijawahi kuilisha nyumba ile hata siku moja, na kwa kweli naogopa.

3. Aliniuliza pia habari za panga langu. Ni kweli huwa nazunguka kwa majirani kuomba mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, natoka kibanja hiki naingia kile na panga lilelile. Anataka nilipitishe motoni kila ninapohama, ati ugonjwa husafiri na panga. Nikamweleza kwamba sheria hiyo inawahusu wakulima. Mimi nikikata mgomba sikati mgomba, nakata karatasi.

4. Hili ndilo lililonivunja moyo kabisa. Ameagiza nakala za picha hiyo zibandikwe Nkwenda na vijiji vya jirani ili watu wajifunze dalili. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniagiza hata nakala moja, na oda ya kwanza imekuja kwa jina la ugonjwa.

Kwa hiyo naomba mkutano wa kijiji utamke rasmi kwamba picha yangu haina maana yoyote, kwamba atakayeonekana ameielewa aonywe, na kwamba bibi shamba asikanyage kwa mama kwa ushahidi wa kitu kisichokuwepo. Niko tayari kusimama mbele ya wote na kuthibitisha kwamba sijui nilichokifanya.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, Mama Kokwijuka hukohuko mbali anakosimama, na bibi shamba pia, kidogo.

Wako mtiifu, ingawa nimekasirika,

Projest
Msanii wa Mambo Yasiyokuwepo

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mama ameniita kibanjani. Amekata ule mkungu tuliokuwa tunausubiri kwa ajili ya kipaimara cha mdogo wangu. Ndizi ni za kijani kwa nje, ndani ni kahawia tupu, na shina linachuruzika uji wa njano. Nimelitazama muda mrefu, Mzee. Ni Na. 7, hata miviringo ni ileile. Tafadhali mwambie bibi shamba aje leo, na picha isitolewe ukutani. Aje na panga lake mwenyewe. Langu mama ameliweka motoni.