Ubao Uliomtumikia Mwananchi

Idara ya Urejelezaji wa Mbao, kutoka makao yake makuu Jinja, ilitangazia taifa kwamba misitu imeokolewa. Kuanzia Jumatatu hiyo ubao mpya hautavuka mpaka. Utavuka tu ule uliokwisha kumtumikia mwananchi.

Edinah alizipata habari karakanani kwake, eneo la viwanda la Mbale, mbele ya rundo la msonobari uliopasuliwa juzi. Mnunuzi wake, Nyongesa wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, alikuwa njiani na lori. Akikosa mzigo angekwenda kwingine, na mafundi sita wangerudi kwao. Edinah hakulia wala hakuandamana. Aliwaambia mafundi wagonge benchi kwa msonobari huo, misumari nusunusu iwe rahisi kung'oa, kisha wazikalie.

Mkaguzi Benedicto alifika kutoka Jinja, mtu mpole aliyeipenda sheria kuliko chakula cha mchana. Alipima, akapiga magoti, akanusa. Akaeleza kwa masikitiko kuwa kukalia benchi asubuhi moja ni kupumzika, si matumizi. Kanuni inataka siku tano. Basi Edinah akaziazimisha kwa harusi moja, matanga mawili na mkutano wa kampeni, ambao kwa urefu wa hotuba ulihesabiwa siku mbili. Benchi zikafaulu, zikabomolewa, zikavuka mpaka. Misitu iliendelea kukatwa kama kawaida, ila sasa kwa kibali.

Mkurugenzi wa idara, Romano, alivutiwa. Ofisini alikuwa na meza ya mvule, mali ya idara, pana kama kitanda cha maharusi, aliyokaa nyuma yake miaka kumi na miwili. Ili awe mfano kwa taifa, yeye mwenyewe angemuuzia Nyongesa meza hiyo. Edinah akaitwa Jinja kuwa shahidi wa ufundi. Alikwenda roho mkononi, maana kibali chake kilisainiwa na mkurugenzi huyohuyo.

Benedicto alitafuta alama ya kikombe. Akatafuta wino, mikwaruzo, hata jasho la kiwiko. Hatimaye akamwomba Edinah msaada. Edinah alipitisha kiganja mezani polepole, huku mkurugenzi amemkazia macho.

"Mimi ni fundi tu, bwana," alisema. "Lakini ubao hauongopi. Hii meza haijafanyiwa kazi hata siku moja."

Benedicto akaandika: mpya, isivuke. Kisha, kwa kuwa sheria haibagui samani, akakigeukia kiti cha mkurugenzi. Kilikuwa kimelika katikati hadi kikawa bakuli. Hicho kilipita papo hapo, Nyongesa, aliyekuwa amekuja na lori kuichukua meza, akakipakia asirudi mikono mitupu, na mkurugenzi akabaki amesimama kando ya meza yake mpya.