Fundi Cherehani na Shanga Ndogo

Jumatatu, 4 Machi

Mama Watoto mpenzi,

Nimepata mbinu! Mdogo wako, shemeji mwalimu wa fizikia, kanionyesha kisanduku: mipira miwili mikubwa, shanga ndogo tele. Akatikisa. Mipira ikaishia ubavu kwa ubavu! Nikauliza gundi iko wapi. Akasema hakuna, shanga zinagombea nafasi, ndizo zinazoisukuma. Ukitazama utadhani inavutana. Kazi yake, eti, ni kupima mpira mmoja hukutwa jirani na mwingine mara ngapi, kisha kukadiria ule mvuto wa kuonekana tu.

Nikamfikiria fundi cherehani, yule mjane aliyekushonea gauni la kijani. Tangu uondoke duniani, kiti cha pili mezani kinakaliwa na kofia yangu. Jumamosi ni harusi ya mpwa wangu. Ukumbi mdogo. Watoto ndio shanga!

Jumatano, 6 Machi

Nimealika watoto wa mtaa mzima. Kinyozi, mshindani wangu kwa fundi, kauliza kama nafungua chekechea. Nimemnunia. Nusu kichwa tu ndiyo ilikuwa imenyolewa. Nimeondoka hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Watoto wamefurika! Muziki ulipoanza nikajitosa katikati. Nikasukumwa kushoto, kulia. Nikafumba macho. Nikahisi ubavu laini. Ewaa! Nikanong'ona kwamba ananukia vizuri. Sauti nene ikajibu kuwa ni dawa ya kunyolea.

Kinyozi! Tumbo kwa tumbo!

Fundi alikuwa mlangoni, mwembamba kama uzi wake, anacheka hadi machozi. Kando yake nafasi tele. Tele!

Jumapili, 10 Machi

Shemeji alicheka kwanza, kisha akaeleza: wanaosukumwa pamoja ni wale wakubwa. Wanene ukumbini tulikuwa wawili tu.

Kinyozi kaja kunimalizia kichwa, akakalia kiti cha kofia mpaka jioni. Kero tupu. Kesho anarudi, nimemwambia alete sukari.

Fundi naye kanitumia salamu: nikitaka kukaa naye, si niseme tu, baba wa watu? Masihara! Sayansi haiendi hivyo.

Nimekumbuka siku ya kwanza, lile benchi refu la zahanati. Lilikuwa tupu, nawe ukaja kukaa ubavuni mwangu. Hapakuwa na umati. Mpaka leo sijui nani alikusukuma.

Basi, kuanzia kesho nampelekea fundi keki kila asubuhi. Akinenepa kidogo tu, nawaita watoto tena.

Huko uliko, unikumbuke.