Kitabu cha Wageni cha Lodi

Jumamosi, 8 Novemba
Ziara ya kwaya. Jumba la kale la mtindo wa Baroki, la lodi mmoja, bwana mkubwa wa Ulaya, lililobomolewa kwao na kujengwa upya hapa Toronto. Wenzangu wanapiga picha malaika wa dhahabu. Mimi nina kazi. Misa ya Kristo Mfalme imekaribia na kinanda kapewa Shadrack. Shadrack! Anayepiga kwa vidole vinne! Nikipigwa picha kwenye kinanda cha lodi, watazinduka.

Nikachepuka hadi chumba cha muziki. Nikapiga hodi. Mtu akakohoa ndani. Kuingia, hakuna mtu. Mezani kitabu wazi, kalamu ya unyoya, wino mbichi. Lugha siijui, ila safu nazijua: jina, cheo, kufika, kuondoka. Kitabu cha wageni! Sijawahi kupita mapokezi bila kusaini. Nikaandika: Methodius, Mpiga Kinanda. Safu ya kuondoka ilikuwa tupu kwa wote. Watu hawana utaratibu.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa niligusa tu kinanda cha kanisa. Vidole vikaenda vyenyewe, wimbo nisioujua, dakika ishirini. Padre kanipa Kristo Mfalme palepale! Mke wangu Asumpta anasema aliona mikono mingine juu ya yangu. Wivu.

Jumanne, 11 Novemba
Koti jekundu limening'inia sebuleni kwetu, Flemingdon Park. Hakuna aliyelileta. Linanienea. Kengele inalia ndani ya kabati la vyombo, na kila ikilia miguu yangu inaelekea mlangoni. Naogopa, nakiri.

Asumpta kapiga simu jumbani. Clara wa mapokezi kasema hawana kitabu cha wageni. Kile ni daftari la watumishi wa lodi, wale wa makoti mekundu. Wanamuziki walikuwa watumishi wake. Akaongeza: "Mwambie aje akate jina lake kabla hawajamzoea."

Jumamosi, 15 Novemba
Nimekuja na Asumpta kukata jina. Kalamu mkononi, yeye mlangoni akinisihi nifanye haraka. Ndipo nikaona nilivyopangwa, maana lugha ile sasa naisoma. Chini ya mpishi! Chini ya mtunza mbwa! Nikafuta cheo, nikaandika Mkuu wa Muziki, na sahihi kubwa zaidi.

Mlango umejifunga. Asumpta ananiita, lakini sauti yake inazidi kuwa mbali. Chumba kimejaa watu wa makoti mekundu, na wote wamesimama kunipokea. Heshima hatimaye!

Chini ya ukurasa umebaki mstari mmoja. Nimemwandika Shadrack: Mgeuza Kurasa.