Modeli Yangu ya Lambo

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi Maige, mwenyekiti wa kamati ya lambo, leo nimeanza kazi ya kichwa. Niliishia darasa la tatu, lakini darasa la tatu la zamani! Mjukuu wangu Salome, anayefundisha hesabu sekondari, ameueleza mkutano kwamba hesabu inaweza kukuambia jambo kabla halijatokea. Unachukua maji yaliyopo, unachukua ng'ombe wanaokunywa, unapata siku lambo litakapokauka. Anaiita modeli. Jirani yangu Herman akasema modeli ya nini, maji yanaisha, tuhamishe mifugo upande wa Ushirombo sasa hivi. Nikasimama. Nikasema hakuna kuhama mpaka nipige hesabu mwenyewe. Makofi! Ng'ombe wa kijiji kizima wako juu ya kichwa changu, na mvua ni mwezi ujao, ikipenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimechomeka mti lamboni, nimeutia alama za mkaa. Halafu boma kwa boma, nauliza idadi. Mayo wane, mama yangu! Kila mtu "wachache tu, mzee". Mayala: wanne. Mama Lusia: wawili na ndama mgonjwa. Herman, ambaye ng'ombe wake wakipita unafunga dirisha kwa vumbi, kasema saba! Macho makavu kabisa. Najua sababu. Kwetu ukitaja idadi ya mifugo yako, jicho la mtu linaingia zizini. Lakini hii ni sayansi! Watu hawana aibu.

Kwangu nimeandika watano. Hao watano ninao kweli. Wengine si wa kuandikwa.

Jibu: maji yanafika Krismasi, na ya kufulia yanabaki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetangaza matokeo. Kuonyesha mfano nikaanza na wa kwangu, watano, kwa sauti. Mtu mmoja akakohoa. Herman akasema hesabu yangu imelewa.

Jioni nimekwenda lamboni. Maji yameshuka alama tatu! Modeli inasema yasishuke hata moja. Mke wangu Melania akasema maji hayajui kusoma. Hakuna cha maji. Kosa ni la mti, niliuchomeka mahali pabaya. Nikauhamishia penye kina. Papo hapo maji yakapanda hadi alama ya juu! Modeli na mti sasa wanaelewana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mti umeanza tena ukaidi. Nimeuhamisha mara mbili. Penye kina pamekwisha, waliobaki ni vyura na mimi. Usingizi hauji. Melania ananiuliza kwa nini nakula nimesimama. Nimemwambia wanasayansi wote hula hivyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Msiba! Ng'ombe wangu mwekundu, mama wa nusu ya zizi, amezama kwenye tope la lambo mpaka tumboni. Alikuwa ananiangalia. Watu wakatoka kanisani na nguo zao nzuri, wakaleta kamba. Herman mbele, shati jeupe, anavuta kama wa kwake. Katikati ya kuvuta akageuka, akauliza: Mzee Maige, huyu ni yupi kati ya wale watano? Watu wakacheka mpaka wakaachia kamba! Ng'ombe akarudi chini. Nikapiga magoti kwenye tope, nikavuta mkia na kumwomba Mungu kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilinikimbia.

Ametoka. Anatetemeka. Na mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Salome amesema modeli haina kosa, babu, mmeilisha uongo. Akaleta chungu kilichofunikwa kitambaa. Kila mwenye boma aingize mkono, aachie punje moja ya mahindi kwa kila ng'ombe. Hakuna wa kujua ya nani ni ngapi. Nikatangulia kama kiongozi. Nikaachia tano, nikaondoka kwa heshima.

Nyuma yangu akaja Melania na bakuli. Akamimina! Sauti yake kama mvua kwenye bati. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akajibu hizo ni za ng'ombe anaowakamua yeye kila asubuhi. Kama si wangu, nimtafutie mwenye ng'ombe.

Chungu kikajaa hadi shingoni. Salome akapiga hesabu upya: maji yanakwisha keshokutwa. Herman akaenda kufunga mizigo bila hata kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Tunahama kesho alfajiri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumefika upande wa Ushirombo. Wamekonda, lakini wote wazima, hata mwekundu. Njia nzima nimewaeleza watu kwamba bila modeli yangu tungekufa. Hakuna aliyebisha, walikuwa na kiu.

Mwenye kisima, Sabiti, mtu mpole, alitupokea vizuri. Akasema pampu yake ina nguvu ndogo, anataka kupiga hesabu ya zamu ili kila mfugo upate maji. Akamuuliza kila mtu ana ng'ombe wangapi. Herman akataja idadi yake yote, hadharani, bila kupepesa. Nikamhurumia. Utu uzima huo!

Ikafika zamu yangu. Nikasema saba. Nimeongeza wawili, kwa sababu modeli inataka ukweli.

Sabiti akachungulia nyuma yangu, akachungulia muda mrefu. Akauliza, na wale wengine wote, mzee?

Nikamwambia wale wametufuata tu njiani, hatujuani.