Kongoni Aliyejeruhiwa Kiserikali

Wizara ya Nyika na Vilivyomo inapenda kuutangazia umma kwamba Mheshimiwa Waziri hakumkosa kongoni. Kukosa ni jambo la kitaalamu lenye masharti yake, na siku ile masharti hayo hayakutimia. Wanaosema vinginevyo vijiweni, saluni na kwenye magrupu ya simu hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Itifaki na Matukio Maalumu, na nilisimama nyuma kidogo ya Mheshimiwa, upande wa kushoto, mahali ambapo itifaki huniweka hata kukiwa na tope.

Mambo yalianzia mezani, nyumbani kwa Mheshimiwa. Mama mkwe wake, ambaye alikuja kuwatembelea wiki moja na sasa ana chumba chake na kiti chake mbele ya televisheni, alimtazama akitafuna paja la mbuzi, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Baba, hivi wewe unayewapa watu ruhusa ya kuwinda, umewahi kukamata hata kuku?"

Mkewe akacheka. Mheshimiwa akaliweka paja chini.

Kesho yake asubuhi tuliitwa ofisini kwake. Alikuwa ameishika ile bunduki iliyokuwa ikining'inia ukutani, zawadi ya mgeni mmoja wa utalii. Si bunduki ya kawaida. Ni ya wenzo, kama zile za wapanda farasi wa kwenye sinema: chini ya kifyatulio kuna pete ya chuma ya kuingiza vidole. Ukiisukuma pete chini, kilichomo ndani kinaruka nje. Ukiirudisha juu, risasi nyingine inaingia. *Klak-klak.* Mheshimiwa alizoea kuichezea tupu mbele ya kioo. Katibu muhtasari wake aliwaambia wageni kwamba wakisikia klak-klak mara mbili, ombi lao limekataliwa.

"Nitazindua msimu wa uwindaji mwenyewe," alisema. "Kwa hii. Kongoni. Hadharani."

Tulipiga makofi. Mkuu wa Doria peke yake hakupiga. Huyu ni mama mmoja mwenye kofia iliyonyooka, tunamwita Bi Kanuni, ingawa si mbele yake.

"Mheshimiwa, hiyo ni bunduki ya kuwindia karibu," alisema. "Kwenye vichaka, sawa. Lakini tambarare ile haina pa kujificha. Kongoni atakuona ungali unafunga kamba za viatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo itabidi usogee kwa tumbo."

Chumba kizima kilijizuia kutazama tumbo la Mheshimiwa. Kilishindwa.

Kwa kuwa haifai Waziri kutambaa mbele ya waandishi wa habari, niliunda Kamati ya Kupunguza Umbali, mwenyekiti nikiwa mimi. Baada ya majadiliano mazito na chai tuliazimia kwamba kama Waziri haendi kwa kongoni, kongoni atakuja kwa Waziri. Tuliweka mawe ya chumvi ya mifugo karibu na kichuguu kimoja kirefu, na nyuma ya kichuguu tukapanga mahema, viti, vipaza sauti na kikosi cha tarumbeta. Wasiojua kazi waliuita huo mtego. Sisi tuliuita uwezeshaji.

Siku ilipofika, kongoni alihudhuria kabla ya mgeni rasmi. Dume zima, rangi ya udongo mwekundu, pembe zimepinda kama vipini vya baiskeli, uso mrefu wa mtu aliyekalia benchi la zahanati tangu alfajiri na bado hajaitwa. Alilamba chumvi wakati wote wa hotuba. Naibu Katibu aliongea mpaka baadhi ya wageni wakasinzia, lakini kongoni aliendelea kulamba. Sijawahi kuona mwananchi mvumilivu namna ile.

Mama mkwe alikaa mbele kabisa, miwani ya jua usoni, mkoba mapajani. Mheshimiwa alipita mbele yake akiwa amevaa fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu, akainama kidogo kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usijiumize."

Akaenda kwenye kichuguu. Akapiga goti. Mimi nikapiga goti nyuma kidogo, upande wa kushoto. Niliiona shingo yake ikilowa jasho. Kongoni aliinua kichwa, akamtazama moja kwa moja, bila chuki.

Mheshimiwa akafumba macho.

*Klak-klak.* Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye nyasi. *Klak-klak.* Nyingine. *Klak-klak, klak-klak*, mkono ukienda kama wa fundi cherehani mwenye oda ya sare za shule, risasi zikimwagika nzima nzima na kumeta juani. Kidole kilichotakiwa kugusa kifyatulio kilikuwa kimenyooka pembeni, kikitazama tu. Bunduki ilipokwisha kumwaga vyote, Mheshimiwa alifumbua macho, akaruka juu na kupaza sauti:

"Nimempata!"

Ratiba ilisema kwamba Mheshimiwa akiinua bunduki, tarumbeta zinalia. Zikalia. Kongoni, ambaye hadi hapo hakuwa na neno na mtu, alishtuka, akaruka hewani na kutimua mbio.

"Mmeona alivyoruka?" Mheshimiwa alihema. "Ya bega hiyo!"

Nilikimbilia kipaza sauti. Redio ilikuwa hewani moja kwa moja, na ukimya ni adui wa itifaki. "Mabibi na mabwana," nilitangaza, "kongoni amejeruhiwa vibaya sana begani!"

Wakurugenzi wenzangu walisimama na kushangilia. Mwandishi mmoja, kijana mwenye ndevu chache na maswali mengi, akasogea.

"Mkurugenzi, mbona hatujasikia mlio?"

"Zilikuwepo tarumbeta."

"Tarumbeta zimelia baadaye."

"Ndugu yangu, wewe umekuja kusikiliza au kuripoti?"

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameinama kwenye nyasi. Aliokota risasi moja moja kama anayeokota nyanya zilizodondoka kapuni, akazishika kiganjani.

"Baba, vitu vyako vimeanguka."

"Ah, hayo ni maganda tu, mama. Yameshatumika."

"Mbona yana vichwa?"

"Ya aina hii ndivyo yalivyo, mama."

"Haya." Akayatia mkobani, akafunga zipu. "Nitayahifadhi, ukumbusho."

Mheshimiwa alikuwa akielekea kwenye gari, akiwapungia watu mkono, pale Bi Kanuni alipomkatiza mbele na kupiga saluti iliyotoa vumbi.

"Hongera, Mheshimiwa. Tuanze kumfuatilia."

"Kumfuatilia nani?"

"Majeruhi. Kanuni inasema anayejeruhi mnyama atamfuata kwa miguu mpaka ammalize. Haruhusiwi kupanda gari, kumwachia mtu mwingine kazi hiyo, wala kutoka nyikani kabla hajamaliza."

"Mjinga gani ameandika kanuni hiyo?"

"Saini ni yako, Mheshimiwa. Mwezi uliopita, pale hotelini."

Ni kweli. Keki niliagiza mimi.

Mheshimiwa alinivuta pembeni kwa tai. "Fanya kitu."

Nikamwendea Bi Kanuni kwa heshima zote. "Afande, Wizara imejiridhisha kwamba kongoni amepona."

"Cheti cha daktari kiko wapi?"

Daktari wa mifugo alikuwepo, safu ya pili. Alisema yuko tayari kuandika, ila maadili ya kazi yanamtaka kwanza amwone mgonjwa. Wote tukageuka. Mgonjwa alikuwa mbali, amepanda kichuguu kingine, akituangalia.

"Basi tuseme amekufa," nilisema.

"Maiti tafadhali."

Sikuweza kujua kama Bi Kanuni alikuwa anatudhihaki. Uso wake ulikuwa umenyooka kama kofia yake. Mheshimiwa alibaki na njia mbili: kusema hakufyatua, au kutembea. Akamtazama mama mkwe, ambaye alikuwa anajipepea na ratiba. Akaanza kutembea.

Nami nikaanza, nyuma kidogo, upande wa kushoto.

Watu wasiomjua kongoni hudhani ni mnyama wa kukimbia. Yule wetu alikuwa wa kusubiri. Tulipomkaribia alituacha tumwone hadi kope, kisha akasogea mbele kidogo, akasimama tena. Jua lilikuwa limetukalia utosini. Viatu vya Mheshimiwa vilikuwa vipya, vya kupigia picha. Nyuma yetu yalifuata lori la kikosi cha tarumbeta na magari ya waandishi, ambao hawakuwa wamejeruhi mtu na hivyo waliruhusiwa viyoyozi na soda. Katika gari la mbele alikaa mama mkwe. Kila mara kioo kilishuka.

"Pole na kazi, baba!"

"Asante, mama!"

Kioo kikapanda.

Tulipofika mahali ambapo hata nyasi zilikuwa zimekata tamaa, Mheshimiwa alisimama, akishika kiuno.

"Mkurugenzi," alisema, bila ile sauti yake ya mikutanoni. "Nilifumba macho. Nilisikia mlio kabisa, mmoja baada ya mwingine. Walahi sikujua. Nilipoona zile risasi kwenye nyasi ndipo nilipoelewa."

"Ulipiga, Mheshimiwa. Kiutawala."

"Unajua kwa nini nilifumba? Alinitazama. Kama baba yangu alivyonitazama nilipomletea barua ya kufukuzwa shule."

Sina maelekezo ya itifaki kwa hali kama hiyo. Nilimpa leso yangu. Akajifuta uso, akanirudishia, nami nikaikunja kama ilivyokuwa.

Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa ofisi ya Mkubwa wetu wa wote, yule ambaye ukimsikia unasimama hata kama umelala. Msaidizi wake alisema Mkubwa amesikia redioni, amefurahi mno, na ukuta wa ukumbi wa wageni tayari umetobolewa. Pembe zifike kesho.

Mheshimiwa aliposikia habari za pembe alibadilika rangi. Akamgeukia Bi Kanuni, aliyekuwa akitufuata kwa miguu.

"Nipe risasi. Yule pale amesimama. Nitamaliza sasa hivi, macho wazi."

"Risasi za bunduki hiyo ulikuja nazo mwenyewe, Mheshimiwa. Sisi zetu haziingii humo."

Sote tulitazama gari la mbele. Mheshimiwa alilisogelea akichechemea, akagonga kioo kwa adabu. Kioo kikashuka. Hewa ya baridi ikatupiga usoni, tukatamani kulia.

"Mama, samahani. Naomba yale… yale maganda."

"Maganda ya nini tena, baba? Si umesema yameshatumika?"

"Ndiyo, mama. Lakini nayahitaji."

"Kitu kilichotumika kitaua kongoni?"

Waandishi walikwisha shuka. Kamera zilikuwa juu. Yule mwenye ndevu chache alikuwa ananyoosha kipaza sauti dirishani kama anayenunua karanga. Nilimwona Mheshimiwa akihesabu yaliyobaki: kongoni mmoja, malengelenge, ukuta uliotobolewa.

"Ni nzima, mama," alisema.

"Masikio yangu ya kizee haya. Sema kwa sauti."

"Ni risasi nzima! Sikufyatua hata moja! Nilifumba macho nikachezesha wenzo tu. Kongoni hana hata mkwaruzo. Niliogopa!"

Kisha dereva mmoja akacheka, akajaribu kuzuia, ikatokea puani, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mtu. Kikosi cha tarumbeta walicheka hadi wakakaa chini. Hata Bi Kanuni aligeukia upande mwingine na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mama mkwe hakucheka. Alifungua mlango, akasogea kumpisha.

"Ingia, baba. Jua litakuua bure. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniletea kitu chako mwenyewe: ukweli."

Mheshimiwa aliingia. Kwa kuwa hakujeruhi mnyama, kanuni haikumhusu tena, na Bi Kanuni mwenyewe alimfungia mlango. Nilizunguka kuingia upande wa pili, nyuma kidogo, kushoto. Mkono wa Bi Kanuni ukanigusa begani.

"Wewe unakwenda wapi, Mkurugenzi?"

"Ofisini."

"Mheshimiwa amesema hakumjeruhi. Lakini wewe ulitangaza kwa niaba ya Wizara, hewani, kwamba kongoni amejeruhiwa vibaya begani. Tangazo hilo lipo. Basi kuna majeruhi, na mwenye majeruhi ni wewe."

"Mheshimiwa atalitengua!" nilisema. "Mheshimiwa?"

Kioo kilishuka nusu.

"Nitalishughulikia," alisema, kwa ile sauti anayowaambia wananchi.

Msafara uliondoka. Kabla vumbi halijatua, simu ilinijulisha kwamba Mkubwa amemwondoa Mheshimiwa, atapangiwa kazi nyingine, na kiti cha Waziri kitabaki wazi kwa muda usiojulikana. Tangazo la Wizara hutenguliwa na Waziri peke yake. Nilimkumbusha Bi Kanuni kwamba Waziri hayupo. Alisema analijua hilo, akanikabidhi chupa ya maji.

Kwa hiyo ninatoa taarifa hii nikiwa nyikani, nikitumia simu ya doria ninayoazimwa kila wanapokuja kuniletea chakula. Umma uwe mtulivu, hali imedhibitiwa. Kongoni anakula vizuri, analala vizuri, na jana alipata jike. Wenzake wamenizoea, wakisogea, husubiri nifike. Daktari wa mifugo amefika hatimaye, akamtazama kwa darubini na kuthibitisha kwamba bega la majeruhi ni zima kabisa.

Kisha akatazama ninavyochechemea, akaniomba nivue viatu.