Kwenda Magharibi kwa Kupitia Mashariki

Jumatatu, 12 Juni

Nimefurahi mpaka chai imenipalia! Mama mkwe, Bi. Dulamjav, miaka sabini na tisa, kasema kabla magoti hayajamgomea kabisa anataka kuzungusha kwa mkono magurudumu ya sala, yale yenye dua ndani, kwenye monasteri ya kale ya Kibudha kule Kharkhorin. Hajawahi kufika. Mimi pia sijawahi, lakini nimejitangaza kiongozi. Shemeji Battsooj, mwenye gari, akaniita mtalii wa ghorofani. Wivu tu huo!

Jumatano, 14 Juni

Nimekwenda kwa lama, mtawa wetu, atuchagulie siku ya heri. Nikamtajia zile tu ambazo Battsooj yuko zamu mgodini. Mjanja mimi! Lama akapekua kitabu chake: Ijumaa, ila tutoke kwa kuelekea mashariki. Kharkhorin iko magharibi. Si neno, ndivyo tufanyavyo siku zote: unasogea kidogo upande wa heri, kisha unageuza. Kidogo kiasi gani? Sikuuliza. Ningeonekana mshamba.

Ijumaa, 16 Juni

Usukani wangu! Norjmaa, mke wangu, akanyunyiza maziwa nyuma ya gari kubariki safari, haoo tukaondoka. Heri nyingi inataka mashariki nyingi, basi nikaenda saa nzima. Nikakuta ovoo, lile rundo la mawe la wasafiri. Nikalizunguka mara tatu kwa gari, kama ada. Nikatokea upande gani? Kwa kweli sijui. Nyasi kote, farasi kote. Uzuri ulioje! Nikaimba.

Bahati nzuri, kwetu kuuliza njiani mtafika lini ni mkosi. Hakuna aliyethubutu. Mama mkwe alisema tu, kwa upole, kwamba asubuhi jua lilimpiga usoni na sasa linamchoma kisogo. Nikamwambia nyikani ndivyo lilivyo.

Saa kumi tukafika kwenye minara mirefu ya umeme wa upepo, mapanga yakizunguka. Nikamwambia ndiyo magurudumu ya sala, ya kisasa. Akanijibu kwamba kilichozeeka kwake ni magoti, si akili. Kisha akageukia dirishani akalia. Nikajisikia vibaya sana, kama dakika tano hivi.

Jumapili, 18 Juni

Battsooj kaomba ruhusa kazini, kampeleka. Mimi nimeachwa! Wamepiga simu kutoka Kharkhorin. Mama mkwe kazungusha magurudumu yote, analia kwa furaha. Kaniwashia taa ya siagi, ile ya kuombea mtu, akiomba nisishike usukani tena maishani. Jamani, anaogopa nitachoka! Ananipenda kuliko wanawe.

Nitamlipa wema wake. Mwakani naongoza ukoo mzima kwenda Gobi, kwa ngamia. Ngamia hana usukani.