Ufunguzi wa Darasa la Tano, Kenyenya

Mheshimiwa Mwakilishi wa Bwana D.O., ambaye ni karani wake, Mheshimiwa Karani, ambaye ndiye huyo huyo mwakilishi, Chifu wetu, na msaidizi wake, na wale wanaotarajia kuwa chifu, wazee wa baraza, Bwana Mohamednoor mwenye duka, aliyetuazima kiti, wachungaji na mapadre, kwa mpangilio wowote usioleta ugomvi, wazazi, vijana mliovaa viatu, na vijana wengine. (Makofi ya kiasi.)

Mimi, Mwalimu Zablon Machogu, Supavaiza wa Shule na Mwenyekiti wa Komiti ya Elimu, Kazi na Mienendo ya Vijana, nimepewa heshima, ambayo niliiomba mwenyewe, ya kufungua leo, katika mwaka huu wa elfu moja mia tisa hamsini na sita, Darasa la Tano la shule yetu ya intamidieti, jengo la mawe lenye madirisha sita, sakafu ya saruji na paa la bati. (Watu wanatazama juu. Wingu linapita.) Msitazame juu, paa nitalifikia katika hotuba.

Mbele hapa namwona Kemuma, binti ya Bwana Onchiri, msichana pekee aliyepita mtihani wa darasa la nne mwaka huu. Baba yake ameapa mbele ya Chifu kwamba darasa la tano likifunguliwa leo mtoto atasoma, na lisipofunguliwa, ng'ombe wa Bwana Omwenga wa Nyamarambe, ambaye mwanawe anatafuta mke, watapokelewa leo hii hii. Kemuma, tulia. Linafunguliwa. (Kemuma amekumbatia daftari.)

Lakini kabla ya jengo, naomba kutoa mawazo machache ya kimwalimu, yaliyonijia nikiwa juu ya baiskeli, kuhusu vijana na sistimu yao mpya ya kununua vitu. Zamani kijana akitoka kuchuma chai Kericho alirudi na blanketi la mama yake na jembe jipya. Siku hizi anarudi na sanduku la bati, na ukilifungua unakuta kioo, kitana, chupa ya mafuta ya nywele na miwani myeusi. Uchunguzi wangu, nilioufanya nikiwa nimekaa mbele ya duka la Bwana Mohamednoor Jumapili tatu mfululizo, unaonyesha kwamba kati ya kila vijana kumi, kumi na wawili wana miwani myeusi, wale wawili wakiwa wamekuja kuazima. (Kicheko.) Suruali ni pana mno, kijana anageuka kwanza, suruali inageuka baadaye. Wasichana nao hawaogi mpaka sabuni iwe inanukia. Nawaambia kwa uchungu, kizazi hiki kitaisha mbele ya kioo. (Sauti ya kijana: "Na hiyo yako, Mwalimu?") Miwani hii ni ya kikazi. Supavaiza akitazama elimu kwa macho makavu, anaumia.

Tukija kwenye leba, yaani kazi za mikono, sote tunaijua risaga, utaratibu wetu wa majirani kulima kwa huyu leo na kwa yule kesho, na jioni kuna uji. Leo ukiwaita vijana kwenye risaga wanauliza kama kuna chai, na kama hiyo chai ina sukari, na kama pembeni kuna mkate. Hata hivyo nawapongeza, maana kwa ajili ya darasa hili mlikuja risaga kumi na nne, mkapandisha mawe kutoka mto Gucha, akina mama wakibeba kwa mgongo, na mimi nikibeba jukumu. (Sauti: "Mawe yako wapi?") Ni swali zuri. Mawe yenu hayakupotea hata moja. Kwa sababu za kiusalama yamehifadhiwa nyumbani kwangu, yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine, pande nne, na juu yake nimeweka bati yasinyeshewe. Mimi mwenyewe nalala humo kuyalinda. (Minong'ono. Chifu anakohoa.)

Basi nisiwachoshe. Kwa mamlaka niliyonayo, hapa ndani ya vijiti hivi vinne na kamba hii ya katani, ambayo ni plani kamili ya jengo, natangaza kwamba Darasa la Tano limefunguliwa. Karani, andika kwenye ripoti: saa nane na dakika kumi. (Karani anaandika. Ng'ombe sita wanatokea njiani, na Omwenga nyuma yao na fimbo.) Wazazi, inukeni kidogo mpishe hao wanyama, wanakwenda kwa Bwana Onchiri.

(Hakuna anayeinuka. Persis, mama yake Kemuma: "Mwalimu, mimi nauliza tu. Hapa tumekaa ni darasani ama ni njia ya ng'ombe?")

Mama Kemuma, swali hilo halimo katika ajenda. (Karani anasubiri, kalamu hewani.) Karani, usiandike hilo. Au andika. Ni darasani, mama. Bila shaka ni darasani, ripoti inakwenda kwa Bwana D.O.

(Persis: "Basi hawawezi kupita ukutani.")

Hawawezi. Bwana Omwenga, umesikia, omogaka, mzee wangu, hii ni mali ya elimu. (Omwenga: "Nipite kushoto?") Kushoto ni Darasa la Sita. (Omwenga: "Na kulia?") Kulia ni bweni, nalo limekamilika vile vile. Rudi nao, baba. Bwana Onchiri, usinitazame hivyo, uliapa mwenyewe, na saa imeandikwa. (Vigelegele vya akina mama. Onchiri anavua kofia, anaivaa tena.)

Semeni nami: Elimu juu! (Juu!) Miwani chini! (Chini! Kijana mmoja anamnyooshea Supavaiza kidole.)

(Karani, bila kuinua kichwa: "Jina la mwalimu wa darasa?") Jina la mwalimu liko mbioni. (Karani: "Ripoti inataka jina." Kemuma amekwisha kufungua daftari.) Basi andika Machogu. Kesho saa mbili asubuhi. Kwa muda.

Kwa hayo machache, namshukuru fundi, ambaye tutamtafuta. Naishukuru saruji, ambayo tutaiomba. Nayashukuru madirisha yote sita kwa mwanga huu mwingi unaoingia kila upande. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Bwana Omwenga, uliyetoka Nyamarambe kwa miguu na ng'ombe sita, kwa kuheshimu ukuta.